Frima na Maji Yaliyolala

Wifi yangu Frima hajui kusema uongo, na msidhani namsifu. Nimeishi naye nyumba moja miaka ishirini na minne, hasara yake naijua mimi. Ukimwuliza kama supu yako imekolea chumvi atakuambia haikukolea, tena mbele ya wageni. Siku kaka yangu Ihil alipomleta nyumbani aonwe na mama, mama alimwuliza kama anapenda kupika. Akajibu, "Hapana mama, sipendi, lakini napika." Mama alicheka mpaka akatafuta kiti. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na nilishaona kwamba huyu atatutia taabuni.

Nyumba yetu iko kwenye kichochoro nyuma ya sinagogi ya mafundi cherehani, hapa Stefanesti, Rumania, na uani kuna tanuri. Mwaka mzima tanuri lile hukaa baridi, paka wanazalia humo. Linawashwa wiki nne tu, tangu sikukuu ya Purimu ipite mpaka kukaribia Pasaka, kwa ajili ya matza, ule mkate usiochachwa ambao bila huo Pasaka haipo. Marehemu baba alioka humo akamwachia Ihil. Ihil akafa kwa homa ya chawa wakati wa vita, akamwachia Frima. Mimi mume wangu alikuwa amekwenda Amerika kututafutia maisha, akapotelea hukohuko na maisha yenyewe. Basi tukabaki wanawake wawili na tanuri.

Watu walisema mwanamke hataweza. Kusukuma unga sawa, hiyo ni kazi ya wanawake tangu zamani. Lakini kuwa mwenye tanuri, kupewa ile karatasi ya Rabi inayobandikwa mlangoni kuwaambia watu kwamba hapa mnaweza kula, hilo halikuwa limeonekana. Frima akavaa kitambaa chake cha Sabato siku ya Jumatatu, akaenda kwa Rabi Pinhas peke yake. Rabi alimwuliza maswali ya kumtoa jasho hata mwanafunzi wake aliyesoma miaka saba. Alirudi jioni na karatasi. Nilipomwuliza amefanyaje, alisema, "Nilichojua nilimjibu. Nisichojua nilimwambia sijui."

Maana nyie mnadhani biashara ya matza ni unga na kuni. Ukiuza viatu, mteja anavivaa anatembea hatua tatu, anajua. Ukiuza samaki, ananusa. Matza atanusa nini? Unga na maji vikishakutana kwenye beseni, dakika kumi na nane zikipita kabla matza hazijatoka motoni, zimeharibika, hazifai, na kwa macho huoni chochote. Zilizofaa na zisizofaa zinafanana, zinavunjika vilevile, zina ladha ileile ya kutokuwa na ladha. Mteja anakula neno lako tu. Ukiwa na neno, una biashara. Huna, una tanuri la kuzalia paka.

Na maji ndiyo yenye masharti kuliko vyote. Lazima yawe yamelala. Yanachotwa kisimani jua likizama, yanachujwa kwa kitambaa cheupe, yanawekwa kwenye pipa chini stoo, yanalala humo usiku kucha, ndipo kesho yake yanakandia unga. Maji yaliyochotwa asubuhi hayafai hata yawe baridi ya kuuma meno. Kwa nini, waulizeni wenye elimu, mimi kazi yangu kusukuma. Maji hayo yana ndoo yake, ya bati jipya, haigusi kitu kingine. Ndoo ya jikoni ni nyingine, ya buluu, imebanduka rangi mdomoni, nayo tumekuwa nayo tangu enzi za mama.

Hizo ndoo mbili mzikumbuke.

Sasa, mjini kwetu kuna mtu anaitwa Bwana Zeilig, mwenye duka la mafuta ya taa na vyombo. Mtu wa maneno mengi na masharubu mafupi. Alikwenda mji mkubwa wa Iasi mara moja, akaona kiwanda kinachotoa matza kwa mashine, za pembe nne, zimelingana zote, na tangu hapo hakulala. Akawaendea wazee wa jumuiya yetu: tuzilete kwa treni mpaka Botosani, kisha kwa mkokoteni, ni rahisi, ni safi, mashine haichoki wala haipigi soga. Rabi Pinhas akakataa. Wakabishana majira mawili ya baridi. Mwisho wazee wakaamua hivi: maadamu tanuri la Frima linalisha mji, mji utakula matza za mkono. Mwaka litakaposhindwa kuulisha, Zeilig alete zake, na mjadala umefungwa.

Kwa hiyo kila mwaka Frima alioka akijua kuna mtu amesimama pembeni anangoja akosee mara moja tu. Na nyuma yake walikuwa wanawake thelathini wenye vijiti vya kusukumia, kumi na wanne kati yao wajane. Kazi ya wiki nne zile iliwafikisha mpaka wakati wa mbogamboga. Tuliyajua hayo sote, hatukuwa tukiyasema.

Mwaka elfu moja mia tisa ishirini na tano Pasaka iliingia Jumatano jioni. Jumatano ya wiki moja kabla, mambo yalikwenda mrama tangu asubuhi. Mzee Kiva, mwenye kazi ya maji, aliamka na kifua hawezi kusimama, ikabidi Frima amimine maji mwenyewe. Baridi ilikuwa imerudi ghafla, usiku wa kuamkia siku hiyo pete moja ya pipa ikalegea. Maji yakavuja polepole, yakanywewa na udongo wa stoo, hakuna aliyetambua. Na siku hiyo tulikuwa tunaoka fungu la maskini.

Hapo nako kuna jambo. Kila tajiri wa mji hutoa unga kwa ajili ya maskini, na kwenye matanuri mengine fungu hilo huokwa mwisho, hurundikwa peke yake, na ajabu ni kwamba vipande vilivyovunjika vyote huhamia humo. Frima alikataa. "Kwangu hakuna matza ya maskini," alisema. Zote zilipanda darini, zikachanganywa kwenye makapu yaleyale, na kila mtu alipimiwa kutoka rundo moja, awe mwenye kinu awe mchota takataka. Nilimpenda kwa hilo, ingawa sikumwambia.

Saa kumi jioni nilishuka stoo kuchukua karatasi safi za kutandika mezani. Ngazi zake ni nane. Nilipofika ya tatu nikamwona Frima. Alikuwa ameinama juu ya pipa akitazama ndani. Juu huko wanawake walikuwa wamesimama mikono mitupu, unga umeshapimwa, moto unaunguza kuni bure, na Rahil, yule mwenye mdomo kuliko wote, alikuwa akiita, "Bi Frima, maji! Au umekwenda kuyachota mto Prut?" Wakacheka. Frima alitoka kwa mlango mdogo wa uani, akarudi na ndoo ya buluu, akaimimina kwenye pipa. Akatoka tena, akarudi nayo tena. Yalikuwa maji ya asubuhi. Niliyachota mimi mwenyewe, ya kupikia maharage.

Nikapanda juu taratibu. Nikangoja nyuma ya mlango mpaka niliposikia ametoka, ndipo nikashuka kuchukua karatasi zangu. Kisha nikarudi mezani nikasukuma kuliko siku zote, madonge mengi mpaka Rahil akasema, "Hinda leo amepata mchumba." Tulimaliza fungu la maskini kabla ya jua kuzama. Zikapanda darini.

Alhamisi tukamaliza kuoka. Unga wa Pasaka ulikwisha wote, na kinu kilikuwa kimefungwa, hakisagi mwingine mpaka mwakani. Ijumaa Frima hakula tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nilikuwa nasafisha samaki wa Sabato alipokuja akasimama upande wa pili wa meza, kitambaa cha Sabato kichwani.

"Wifi," akasema, "nawa mikono, unisindikize kwa Rabi."

"Kuna nini?"

"Juzi nilitia maji ya jikoni kwenye pipa."

Nikasema, "Lini?" Angalieni jinsi ulimi ulivyo mwepesi. Nilijua siku, nilijua saa, nilijua ndoo ngapi, na bado nikasema "Lini?" na samaki mkononi.

"Jumatano. Pipa lilikuwa limevuja. Nilifikiri, ndoo mbili tu, maskini watakosa, siku itapotea. Sikufikiri zaidi ya hapo. Baadaye nikafikiri."

"Na nani amejua?"

"Mimi."

"Basi jifanye hujui, Frima. Mungu anazijua ndoo zote duniani, za kwako hazitamshangaza." Nilikuwa nimekasirika. "Unajua atakachosema Rabi. Unajua Zeilig yuko wapi sasa hivi? Yuko dukani kwake anakungoja. Wale wanawake watakula nini mwakani? Watakula huo ukweli wako?"

"Sijui watakula nini," akasema. "Lakini matza yangu hawataila kwa kutojua."

"Kaka yangu angenyamaza."

Hilo nililisema ili limchome, nalo lilimchoma, niliona. Akanyoosha kitambaa kichwani. Kisha akasema kwa upole, "Ihil alikuwa na wewe na mama na baba yake, na jina la miaka arobaini. Mimi watu wananunua neno langu, wifi. Sina kingine cha kuuza." Nikanawa mikono.

Njiani sikunyamaza. Mimi ni mtoto wa mwoka matza, sheria hii nilikua nayo. Baba alitufundisha: aliyekanda kwa maji yasiyolala kwa kukosea, bila kujua, mikate yake inaliwa. Aliyekanda akijua, hailiwi. Mambo yote yako kwenye swali moja ambalo Rabi lazima aulize, na jibu lake ni neno moja. Basi nikamfundisha hilo neno kama mtu anavyomfundisha mtoto sala. "Sema *sikujua*, wifi. Sema uliichukua ndoo gizani. Umeshamwendea mwenyewe, umeshaungama, hilo halitoshi? Hata malaika angekukubalia *sikujua*." Tulipita duka la Zeilig. Alikuwa mlangoni, akatuinulia kofia. Frima akamwitikia.

Rabi Pinhas alikuwa anajiandaa kwa Sabato, ndevu zimelowa bado. Alimsikiliza Frima mpaka mwisho bila kumkatiza. Mimi nilisimama karibu na jiko la kuota moto. Nilimwona yule mzee akikunjamana usoni. Yeye ndiye aliyempigania majira mawili ya baridi.

"Stoo yako ina giza, binti yangu," akasema.

"Ina giza, Rabi."

"Saa kumi jioni, siku za baridi kama hizi. Na Kiva hayupo. Na mtu amesimama tangu alfajiri." Alisema polepole, akiangalia vidole vyake. "Mtu akichoka, mkono hushika ndoo iliyo karibu. Imewahi kunitokea mimi na vitabu. Sasa nakuuliza, kwa kuwa sheria inanitaka nikuulize, na jibu fikiri kwanza. Ulipomimina, ulijua?"

Alikuwa amemfungulia mlango, jamani. Amemfungulia na taa ameishika. Alichotaka ni apite tu. Nilijibana mikono chini ya shali nikawa nasema moyoni, pita, wewe mwanamke, pita.

Machozi yalikuwa yanamtoka Frima, hakuyafuta.

"Ndoo ya jikoni ni ya buluu, Rabi," akasema. "Naijua tangu niolewe. Nilijua."

Rabi akafumba macho. Baadaye akauliza, "Zimekaa peke yake, hizo za Jumatano?"

"Zimechanganyika na zote. Kwangu maskini hawawekewi rundo lao."

"Najua," akasema Rabi. "Najua hawawekewi." Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Kuna mtu mwingine aliyeona?"

Frima akasema, "Nilimimina peke yangu." Rabi akainua macho akanitazama mimi. Nikatazama jiko. Alingoja kidogo, kisha akachukua kalamu, kwa sababu jua lilikuwa linashuka na Sabato haimngoji mtu, akaandika kwamba matza zote zilizomo darini kwa Frima haziliwi, na karatasi ya mlangoni iondolewe. Frima akaishukuru hukumu. Alisema asante. Nilitamani kumpiga.

Jumapili asubuhi mji wote ulikuwa umejua. Wanawake walijazana uani, na sitayarudia yote yaliyosemwa. Rahil, ambaye mumewe alifia vitani na ana watoto wanne, alisimama kwenye ngazi akasema bila kupaza sauti, "Hongera Bi Frima. Umeingia peponi, tena umepanda migongoni mwetu." Frima alisema ukweli wake kwa Rabi, lakini kwa Rahil hakuwa na la kusema, na nadhani mpaka leo hana. Jirani yetu Vasile alikuja na gari la ng'ombe akazibeba, makapu kumi na tisa. Bata bukini wake walikula wiki mbili. Alituambia walinenepa vizuri.

Zeilig alipiga simu Iasi siku hiyohiyo. Jumanne jioni mkokoteni ukaingia, na Pasaka ile mji mzima ulikula matza za pembe nne, maskini kwa matajiri. Mezani kwetu zilikuwepo pia. Frima aliomba baraka, akavunja, akatafuna. Nikamwuliza kwa uchungu, "Zikoje?" Akasema, "Zinalika." Ndivyo alivyo huyo.

Mwaka ule hatukuzungumza sana. Alinyonyoa bukini wa watu, akajaza mito, mikono ikapasuka. Mimi nilifua. Kila nilipomwona anakuja ukumbini nilitafuta cha kufanya jikoni. Watu walidhani namkasirikia kwa ajili ya tanuri, na mimi niliwaacha wadhani hivyo. Nilikuwa namkasirikia kweli. Lakini kila nilipotia mkono kwenye ile ndoo ya buluu nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema "Lini?"

Wiki moja kabla ya Purimu iliyofuata, Rabi Pinhas alikuja mwenyewe, kwa miguu, kwenye tope la kufika magotini. Alitoa karatasi kifuani akaiweka mezani. Alisema wazee wamegawanyika, Zeilig ataendelea kuleta zake na anayezitaka azile, lakini yeye Rabi hana sababu ya kumnyima Frima ruhusa. "Nilikuuliza swali gumu kuliko yote niliyowahi kumwuliza mwoka mikate," akasema. "Najua utanijibu nini mwaka mwingine wowote." Ila kulikuwa na sharti. Mzee Kiva alishafariki. Mwenye tanuri hataruhusiwa tena kushika maji. Atafutwe mtu mwingine, mwenye kuaminika, awe na ufunguo wa stoo, na jina lake liandikwe kwenye karatasi chini ya jina la Rabi. Aliacha nafasi.

Kwetu mtu akitaka kuagiza matza huleta foronya yake nyeupe, safi, yenye alama ya nyumba yake, aje kujaziwa. Siku ya pili baada ya Purimu Frima alifungua mlango, akaweka meza, akakaa. Miaka yote mpaka adhuhuri huwa zimekwisha rundikana foronya mia mbili. Siku hiyo ilifika saa nne, saa tano, hakuna. Wanawake walipita kichochoroni wakitazama mbele. Frima alikaa ameweka mikono mapajani. Nilimhurumia, na nikakasirika kwa sababu namhurumia.

Kwenye saa sita akaingia Bwana Zeilig. Akafuta viatu, akatoa kwapani foronya yenye herufi yake kwa uzi mwekundu, akaitandaza mezani.

"Umekuja kunicheka, Bwana Zeilig?" Frima akauliza, kwa kutaka kujua tu.

"Nimekuja kuagiza. Mimi, mke wangu, na mama mkwe, ambaye peke yake ni watu watatu."

Nikaingilia, sikuweza kujizuia. "Na zile za mashine zilizojaa dukani kwako umezichoka?"

"Zile nauza, Bi Hinda," akasema. "Za hapa nitakula. Mashine ikitia maji ya jikoni, nani atakuja kuniambia?" Akaweka kofia kichwani. "Na msilitangaze hili, nitawakana." Akaondoka.

Mimi nililitangaza kabla ya alasiri. Msinitazame hivyo, biashara ni biashara. Hata hivyo zilikuja foronya sitini na moja tu, siyo mia mbili. Wanawake kumi na wawili walipata kazi, kumi na wanane hawakupata. Rahil hakurudi, alikwenda Botosani kwa dada yake. Zile mia mbili hazijarudi mpaka leo, na sasa ni mwaka wa kumi na mbili. Namwambia anayedhani Mungu alimlipa Frima papo hapo aje ahesabu foronya.

Jioni ya siku hiyo ya Zeilig, jua limeanza kushuka, Frima aliniita stoo. Alikuwa amenunua pipa jipya. Akanipa ufunguo mkononi.

"Jina lako ndilo nitakalompelekea Rabi," akasema.

"Mimi? Tafuta mtu mwingine."

"Kwa nini?"

Nikasema kazi ya ngazi inaniumiza magoti.

"Wifi," akasema Frima, "siku ile ulizuia mwanga wa mlango. Nilimimina ndoo ya kwanza nikaona kivuli chako juu ya pipa. Nilimimina ya pili ukiwa bado upo."

Mwaka mzima alikuwa anajua. Kwa Rabi alijua, pale aliposema alimimina peke yake, na wala hakuwa amesema uongo.

"Mbona hukunitaja?"

"Nilikwenda kusema langu. Lako ni lako."

"Na bado unataka kunipa mimi ufunguo? Niliona nikanyamaza, Frima. Nikakufundisha uongo njia nzima."

"Rahil angeona angenitukana hadharani, na yangekwisha siku hiyohiyo," akasema. "Wewe umepata mwaka mzima hunitazami usoni, unakimbilia jikoni nikiingia. Nikasema huyu ndiye. Huyu hatanyamaza tena." Akapanda ngazi, akaniacha na pipa.

Nilikaa kwenye ngazi ya tatu, ileile, nikalia kwa sauti kama mtoto. Kisha nikajifunga shali nikaenda kwa Rabi Pinhas. Nilikwenda mbio, nikavua viatu vyangu vya mpira vilivyojaa tope nikaviacha mlangoni. Alikuwa anasoma dirishani kwa mwanga wa mwisho. Nilimwambia nimetumwa na Frima, jina langu liandikwe kwenye karatasi kwa ajili ya maji, lakini kabla hajaandika kuna jambo.

Akaweka kidole kwenye mstari aliofikia. "Lile la mwaka jana," akasema. "Ulipokuwa unatazama jiko langu."

"Ndiyo, Rabi."

"Ulipoiona ile ndoo, ulijua?"

Alinitazama, na safari hii hakuongeza habari za giza wala uchovu.

"Nilijua," nikasema.

Akachovya kalamu, akaandika jina langu kwenye ile nafasi, akapuliza wino ukauke. Akanitaka nifanye haraka, maana jua lilikuwa linazama na maji ya kesho hayajachotwa.